Barua ya wazi kwa mjomba mpiga solo: DJ naye ana ala

Shikamoo mjomba,

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza wote, hata pale ulipokohoa. Unasema DJ ni mtu wa kubonyeza tu, anakula jasho la waliokesha studio, na kumwita mwanamuziki ni kuwatukana wapiga ala. Ningekujibu palepale, lakini shangazi zangu walikuwa wamekwisha kupandisha sauti, nikaona bora niandike hapa kwa kituo.

Nianze kwa kukupa haki yako. Wengi unaowasema ndivyo walivyo. Mtu anapanga nyimbo mapema, anafika ukumbini, programu inamlinganishia mapigo, kazi yake inabaki kuinua mikono. Huyo ni mburudishaji, tena pengine hodari, maana kujua wimbo upi ufuate ili watu wasirudi vitini nako ni kipaji. Ila mwanamuziki simwiti. Ninachouliza ni hiki: je, kinasikika kitu ambacho hakimo kwenye rekodi yoyote aliyokuja nayo, na mkono wake ukiteleza, tutajua?

Chukua kazi ya msingi kabisa, kuunganisha nyimbo mbili kwenye santuri. Ya kwanza inakwenda mapigo 118 kwa dakika, ya pili 121. Ukiziacha zijiendee, baada ya sekunde 10 ngoma zimeachana kwa nusu pigo na kila aliye ukumbini anasikia fujo. Kwa hiyo DJ anaziba sikio moja kwa hedifoni, la pili analiachia spika, anasogeza kidhibiti cha mwendo kwa asilimia mbili na nusu hivi, kisha kwa ncha ya kidole anaisukuma santuri kidogo au kuizuia hadi mapigo yakae pamoja. Yote hayo huku wimbo wa kwanza unakaribia kuisha. Na kuna mtego ambao wewe ungeunasa kabla yake: kwenye santuri, mwendo na kimo cha sauti haviachani. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 6, wimbo umepanda karibu nusu toni. Nyimbo mbili zilizokuwa zinapatana zinaanza kugombana, na asiye na sikio la muziki hatajua kwa nini watu wamekunja nyuso.

Halafu wapo walioifanya mashine yenyewe kuwa ala. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe iliyoandaliwa na dada yake, na leo watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop. Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanangojea kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akatafuta nakala mbili za santuri moja, akawa anaruka kutoka hii kwenda ile, kipande cha sekunde chache kikarefuka kadiri alivyotaka. Grandmaster Flash akaja kuunoa ufundi huo: akachora alama juu ya santuri kwa kalamu ya nta ili ajue airudishe nyuma mizunguko mingapi, pigo lisipotee. Grand Wizzard Theodore ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kukwaruza, ile sauti ya santuri inayovutwa mbele na nyuma chini ya sindano. Mpiga ngoma wa studio alipiga sekunde zake chache. Hayo mengine yote yalipigwa na nani?

Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, humbishii, mtu aliyekaa kwenye piano katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Mwaka 1983 alipotoa wimbo wa Rockit, santuri alimkabidhi DJ aitwaye GrandMixer D.ST, na kukwaruza kukashika nafasi ambayo wewe ungedai ni ya gitaa.

Ajabu ni kwamba waliolichambua jambo hili vizuri kuliko sisi ni mahakimu wa kodi. Ujerumani, tamasha la muziki hutozwa kodi ya asilimia 7 badala ya 19 ya kawaida, na kukawa na kesi: usiku wa tekno, ule muziki wa dansi wa mashine, klabuni ni tamasha au ni disko tu? Mwaka 2020 mahakama ya juu ya kodi ikasema unaweza kuhesabiwa tamasha, kwa kuwa DJ hachezi tu rekodi za wengine, bali anazitumia pamoja na mitambo yake kuunda muziki mpya wenye sura yake.

Najua utakachosema: sauti zenyewe si zake. Sawa, lakini wewe mwenyewe umepiga kopi miaka mingapi? Nyimbo za watu, kwa gitaa lililotengenezwa na mtu mwingine, na hakuna aliyekunyima jina la mwanamuziki.

Ila kwenye jasho la watu, hapo umenigusa. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilirekodi Amen, Brother, na ndani yake Gregory Coleman akapiga ngoma peke yake kwa sekunde kama 6 hivi. Sekunde hizo zimekatwa na kupandikizwa kwenye nyimbo zisizohesabika, na aina nzima ya muziki, jungle, ikajengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata mirabaha yake. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alikuja kukabidhiwa pauni 24,000 mwaka 2015, nazo zilikuwa mchango wa wapenzi wa muziki, si malipo ya haki.

Kwa hilo la malipo, weka jina langu chini ya lako. La kubonyeza bado nakupinga.

Mpwa wako