Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Kabla ya kutwaa bunduki, zihesabiwe risasi

Mheshimiwa Waziri,

Kila operesheni ya kutwaa bunduki haramu inapotangazwa huku kwetu Baringo, ubishi unaozuka ni uleule. Kuna wanaosema bunduki zikiondoka, wizi wa mifugo nao utaondoka. Kuna wanaojibu kwamba asiye na bunduki ndiye anayezikwa. Maneno haya husemwa kwenye mabaraza ya machifu, sokoni Marigat na matangani, na waliofiwa husimama pande zote mbili. Serikali kwa miaka mingi imesikiliza upande mmoja tu.

Wako wanaopenda mifano ya ng'ambo, kwa hiyo niimalize hiyo mapema. Shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Marekani wanamiliki bunduki zipatazo milioni 393, idadi inayozidi ya watu wenyewe. Uswisi ni takriban 28 kwa kila watu 100. Kenya ilikadiriwa kuwa na 750,000 mikononi mwa raia, yaani chini ya 2 kwa kila watu 100. Kama wingi wa bunduki peke yake ndio ungeleta mauaji, Waswisi wangekuwa wanazikana kutushinda sisi, na sivyo ilivyo. Ila Marekani, tajiri mwenzake, huua watu wake kwa kiwango kinachozidi cha Uswisi mara nyingi, na mauaji mengi huko hufanywa kwa bunduki. Anayekuja na mfano mmoja wa ng'ambo kufunga mjadala, mwulize mbona ameuacha wa pili.

Jambo moja la Uswisi lakini linatuhusu. Askari wao wa akiba waliruhusiwa tangu zamani kukaa na bunduki ya jeshi nyumbani, pamoja na risasi zilizofungwa kwenye kopo. Mwaka 2007 serikali yao iliamua kopo lile lirudishwe ghalani. Bunduki wakaachiwa. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Huku kwetu mifugo iliibwa hata enzi za mikuki, na wazee hawafichi. Ila mkuki una kikomo cha wanaoweza kufa kwa usiku mmoja. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, lilivunjwa, na bunduki zikaenea Karamoja, zikavuka mpaka hadi Turkana na Pokot. Vita vya Sudan na Somalia vikaongeza nyingine. Tangu hapo hata dola lenyewe haliko salama: Novemba 2012, karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Kwa hiyo anayeniambia bunduki hazijaongeza vifo katika Bonde la Ufa, sina cha kujadiliana naye.

Upande wa pili nao una hoja, na wizara yako haiipi uzito. Uganda ilipowapokonya Wakaramojong silaha mwaka 2001 na 2002, jeshi liliahidi kuwalinda waliosalimisha, kisha likahamishwa kwenda kupigana na waasi wa Kony. Waliotii wakabaki mikono mitupu mbele ya majirani wenye bunduki, wakavamiwa. Waliosalia wakatafuta bunduki upya, na nani angewalaumu? Sisi tulirudia yaleyale. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya polisi wa akiba, yaani wanakijiji wa kujitolea waliopewa silaha na serikali walinde jamii zao, bunduki ili wapigwe msasa upya, kwa madai kwamba baadhi wanazitumia vibaya. Madai hayo huenda yalikuwa na ukweli. Lakini vijijini ambako gari la polisi hufika saa nyingi baada ya milio ya risasi, polisi wa akiba ndiye aliyekuwa serikali nzima, na alipoondoka hakuletwa mwingine.

Ikaja Februari 2023. Kaunti sita zikatangazwa kuwa eneo hatari lenye vurugu: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Watu wakapewa siku tatu kusalimisha silaha, na wanajeshi wakaletwa kuwasaidia polisi. Siku tatu, Mheshimiwa! Jamii gani itaanza kusalimisha ikijua ng'ambo ya bonde hakuna aliyesalimisha? Na hata zinazopatikana ni chache mno. Mwaka 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong mbele ya kamera. Zipime na makadirio yale ya 750,000: haifiki hata moja katika kila mia.

Ndiyo maana narudi kwenye lile kopo la Waswisi na kukuandikia kuhusu risasi. AK-47 ikitunzwa hurithiwa na mjukuu. Risasi hutumika mara moja, na anayevamia lazima atafute nyingine. Wanaoishi huku wanajua zinakotoka, na mwaka 2008 shirika lile la Geneva lilichunguza Turkana Kaskazini likakuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitokana na polisi. Nyingi zilitengenezwa hapahapa nchini, katika kiwanda cha serikali cha Eldoret, zikagawiwa jamii ili zijilinde. Yaani tunatuma helikopta kuwasaka majangili kwenye mapango ilhali daftari la ghala letu wenyewe halijafunguliwa.

Ombi langu ni hili. Kila kaunti kati ya hizo sita itangaziwe, kila robo ya mwaka, risasi ngapi zimetolewa kwa polisi na polisi wa akiba, ngapi zimetumika na kwa tukio gani, ngapi zimerudi. Zinazotoka Eldoret zipigwe alama ya kituo zinakopelekwa, ili ganda likiokotwa Arabal au Kapedo lijulikane lilitoka ghala gani. Na kamanda ambaye hesabu yake haifungi aulizwe kabla ya mfugaji kupigwa mateke boma kwake.

Usalimishaji wa bunduki uendelee, sipingi. Ila uanze pande zote za bonde siku moja, na kambi ya polisi iwepo kwanza, yenye gari na mafuta. Mukutani, huku Baringo, watu walihama makwao mwaka 2017 wakiwakimbia wavamizi. Mtu wa namna hiyo ukimwomba bunduki leo, atataka kujua kesho usiku nani atalala macho.

Ukija Baringo kwa baraza, njoo na lile daftari la risasi. Tutakuuliza kulihusu kabla ya hotuba.

Wako,
Mkazi wa Marigat, Kaunti ya Baringo