Kabla ya tishati na basi, ulizeni miguu ya watu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme na hawa wanaoandaa matembezi hapa Mombasa. Siku hizi alhamdulillahi watu wamependa kutembea, asubuhi ukipita Mama Ngina wakuta wazee kwa vijana, kina mama na buibui zao na raba, alafu wikendi grupu hii yaenda Shimba Hills, ile yaenda Taita kupanda Vuria, na mimi naliunga mkono kabisa. Lakini tazama ujumbe wanaotuma kabla ya safari: nauli, rangi ya tishati, saa ya basi kutoka, chakula ni pilau, mwisho kabisa ndio "vaeni viatu vizuri". Vizuri vipi? Mtu anunua raba mpya Ijumaa, Jumamosi yuko msituni, ikifika saa tano hawezi hata kukanyaga.

Lengelenge halitokei tu hivi hivi. Ngozi ikisuguliwa na kiatu huku imeloa jasho yalainika, tabaka la juu laachana na la chini, maji yajaa hapo katikati. Na jasho letu la pwani mwalijua, soksi ya pamba ikishaloa haikauki tena mpaka urudi nyumbani. Kwa hivyo za pamba ziacheni, tafuteni za sufu nyepesi ama hizi za nailoni za michezo, na pea ya pili iwe kwa begi mbadilishe njiani. Vaseline kidogo kisiginoni na kwa vidole kabla ya kutoka pia yasaidia. Raba za mtumba za Kongowea sina neno nazo, nzuri zipo tele, ila nenda jioni mguu ukiwa ushafura kwa kushinda umesimama, jaribu na soksi ile ile utakayovaa, na mbele ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Kule Sheldrick Falls, yale maporomoko ya mita 21 ya Shimba Hills, njia ya kwenda ni kuteremka, vidole vyasukumwa mbele, kiatu kikiwa kifupi kucha zageuka nyeusi na baadaye zang'oka. Kucha zikateni siku mbili tatu kabla, zinyooke, msichimbe pembeni, na kamba za viatu mzikaze pale karibu na kifundo kabla ya mteremko.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa watu waona haya kusema. Mtu ahisi kisigino chachoma lakini anyamaza, aogopa kuambiwa anadeka, anachelewesha wenzake. Kiongozi ndiye wa kusimamisha watu baada ya nusu saa ya kwanza, kila mtu ajitazame, panapochoma pabandikwe plasta ama tepu hapo hapo, ni dakika tano tu. Lengelenge likishajaa maji na haliumi sana liacheni, ile ngozi ya juu ndio bendeji yake, msiichune. Likiwa kubwa la kuzuia mtu kutembea, osha na sabuni, chukua sindano iliyosafishwa na spiriti, toboa pembeni, maji yatoke, ngozi ibaki, funika. Lakini pini ya mtandio jamani, hapana!

Na mwenye sukari msimtoboe kabisa, apelekwe hospitali. Daktari amwambia mzee atembee na kweli kutembea kwamfaa, lakini sukari ikikaa juu miaka mingi yaharibu mishipa ya fahamu miguuni, anakanyaga kijiwe ndani ya kiatu mpaka nyumbani wala hajui, kidonda chaingia, damu huko haifiki vizuri, hakiponi upesi, na wengine ndio wafika kukatwa mguu. Na bado nawaona na ndara kwa lami, wengine pekupeku. Wazee wangu, vaeni raba zinazofunika vidole, mzikung'ute kwanza, na kila jioni mtazame nyayo, asiyeweza kuinama amuite mjukuu amtazamie ama aweke kioo chini. Kati ya vidole mkaushe vizuri mkishatawadha, maana ni maji mara tano kwa siku kisha mguu waingia kwa soksi, hapo fangasi lazima. Magaga ya kisigino yapakeni mafuta, ila kati ya vidole msipake.

Kwa hivyo ombi langu kwa viongozi wa hizo grupu: wakati mwaandikisha majina muulize nani ana sukari, na awepo mtu mmoja wa kubeba plasta, tepu, spiriti na soksi za akiba, pesa yake itoke kwa hiyo nauli tunayolipa. Na wewe Mhariri, kwa ule ukurasa wa afya tutafutie muuguzi wa kliniki ya sukari atuandikie kuhusu miguu tu, hata wiki moja.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa