Si kila "hand" ni mkono

Mhariri,

Neno "hand" linawaponza sana wanaotafsiri habari za Kiingereza. Kwenye ndizi ni chana. Kwenye saa ni mshale, au akrabu kwa wapendao cha zamani. "Farm hands" ni vibarua wa shamba, basi.

Balaa liko kwenye farasi. Hapo ni kipimo cha inchi 4, yaani sentimita 10.16, na farasi hupimwa kutoka ardhini hadi kilele cha mabega, si kichwani. Tena farasi akiandikwa "15.2 hands", hiyo si desimali: ni "hands" 15 na inchi 2, jumla inchi 62, kama sentimita 157. Anayezidisha 15.2 kwa 4 anapata 60.8, na farasi wake kashapungua zaidi ya inchi moja kabla ya gazeti kuchapwa.

Mfasiri, Tanga