Mwanangu, vigumba vizito visubiri kidogo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshika mshale mkononi ili nikufuate vizuri. Unasema umepata vigumba vya greni 200 (karibu gramu 13 kila kimoja) na unataka kuvifunga kwenye mishale uliyonayo kabla msimu wa kuwinda haujaanza. Nakuomba usivifunge bado.

Sababu ya kuvitaka naijua, na ni nzuri. Mshale wenye kichwa kizito huongozwa na kichwa, na manyoya yakiwa mbali na kitovu cha uzito hupata nguvu zaidi ya kuunyoosha unapoyumba. Ukigonga mfupa, uti (ile fimbo ya mshale) ulio mwepesi nyuma hauchezi sana, na kigumba kinaendelea kusukuma mbele badala ya kuteleza pembeni. Yote hayo ni kweli. Ila kuna jambo linalotangulia, na mimi nililijua kwa kumuumiza mnyama.

Nilikuwa na upinde wa kapi wenye uzito wa kuvuta wa pauni 60 na mishale niliyoizoea. Nikaongeza uzito mbele, nikarusha mishale michache kwa vigumba vya mazoezi, ikaonekana sawa, nikaenda porini. Dume lilisimama ubavu, karibu kabisa. Mshale ulitoka ukipepesuka mkia, ukaingia kwa mshazari nyuma ya mapafu, na nguvu yake yote ikaishia kwenye kuyumba. Tulifuata damu hadi giza likaingia, tukarudi alfajiri, tukampata mchana. Saa zile zote alikuwa hai. Kosa lilikuwa langu: nilibadilisha kichwa bila kuutazama uti.

Sikiliza jinsi inavyokuwa. Ugwe unasukuma kutoka nyuma ilhali kigumba kizito kinakataa kuondoka. Uti ulio katikati yao unabanwa, unapinda. Kupinda kidogo ni kawaida ya kila mshale. Ukipinda kupita kiasi, unatoka upindeni umekwisha kupotoka. Namba 400 iliyoandikwa kwenye mishale yako maana yake ni kwamba uti wa aina hiyo, ukiegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kutundikiwa katikati uzito wa karibu pauni 2, hubonyea inchi 0.400. Kwa hiyo namba ikipungua, uti ni mgumu zaidi. Lakini namba hiyo hupimwa uti ukiwa umetulia. Kila greni unayoongeza mbele huufanya uti uleule utende kama mlaini zaidi, na kila inchi unayokata huufanya utende kama mgumu zaidi. Kwa pauni zako 60 na urefu wa inchi 28, greni 200 kwenye uti wa 400 ni nyingi mno. Nadhani utafika 340 au hata 300. Tazama jedwali la mtengenezaji wa uti kabla hujanunua chochote.

Sasa tupime ni kiasi gani cha uzito wa mshale kiko mbele. Weka mshale wako kamili, pamoja na kigumba, juu ya ncha ya kisu butu mpaka ulale sawa bila kuangukia upande wowote. Pima kutoka kwenye mwanya wa noki, kile kipande cha nyuma kinachoshika ugwe, hadi hapo. Toa nusu ya urefu wa mshale (urefu huo unaishia mwisho wa uti, kigumba hakihesabiwi), kisha gawanya kwa urefu wote. Mshale wa inchi 28 unaolala sawa kwenye inchi 18 una inchi 4 za ziada mbele, yaani asilimia 14 na kidogo. Kwa kuwinda, kati ya 10 na 15 panatosha watu wengi. Kutoka hapo unaweza kupanda bila kurukia greni 200. Nilipiga hesabu ya mshale kama wako, wenye kigumba cha 125: kukiondoa kile kipande cha alumini cha greni 15 kinachoingia mdomoni mwa uti na kuweka cha shaba cha greni 50 kunaupeleka kutoka 14 hadi karibu 17. Kisha ukiweka ile noki ya taa unayoipenda, yenye greni 15 zaidi, unashuka tena hadi karibu 15. Uzito wa nyuma una nguvu kubwa kuliko tunavyodhani, kwa hiyo chagua manyoya madogo kadiri yatakavyoweza kukishika kigumba chako kwenye mstari.

Ed Ashby, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kujaribu mishale kwenye miili ya wanyama, aliweka uimara wa mshale kwanza, kuruka kwake vizuri pili, na uzito wa mbele baada ya hayo. Nakubaliana naye. Kigumba kinachopinda ncha au uti unaopasuka nyuma ya kile kipande cha shaba hausaidiwi na asilimia yoyote. Zungusha kila mshale juu ya kucha. Ncha ikitetemeka, ung'oe uunganishe upya. Na kila baada ya mlio usiouelewa, ukunje uti wa kaboni taratibu karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, uvunje mwenyewe uutupe. Kaboni iliyopasuka ikirushwa huweza kumwingia mrushaji mkononi, na mkono huo naupenda.

Jaribio lenyewe ni hili: rusha mshale mmoja usio na manyoya pamoja na wenye manyoya, hatua 20. Wewe unavuta kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ule mtupu ukitua kulia, mara nyingi uti ni mlaini. Ukitua kushoto, ni mgumu. Ikitua pamoja, funga kigumba cha makali na urudie. Kikitua mahali pamoja na cha mazoezi, hapo ndipo uongeze uzito, kidogo kidogo, ukirudia kila mara. Kumbuka mshale mzito huenda polepole na kushuka zaidi, basi rekebisha alama za shabaha kwa kila umbali utakaothubutu kurusha.

Niandikie mshale mtupu umetua wapi, kulia au kushoto, na kwa inchi ngapi. Vigumba vya 200 viweke kwenye kasha lao.

Baba yako