Festo, haya maji yatapita wapi?

Igurusi, Mbeya

Kaka Festo,

Kamwene! Najua umeninunia. Tangu ule msiba wa Ipogolo sijapiga simu, na Mama Sekela kanieleza unavyotangaza huko kwamba siku hizi nimekuwa bosi. Bosi wa nini, kaka? Huku ni vumbi na mbu wa mpungani. Hatujambo lakini, watoto wazima, mama anakusalimu na bado anadai ndoo yake.

Nina jambo moja, naomba unisikilize. Yule Mkinga kanunua lile shimo la kokoto la chini ya barabara, anataka liwe bwawa la samaki na la kumwagilia vitunguu. Unalijua lilivyo: masika linajaa lenyewe, ikifika Oktoba limebaki tope, maana liko kwenye changarawe na maji ya chini yanaingia na kutoka yapendavyo. Kanipa kazi ya kuchora ukuta wa chini ya ardhi wa kulizunguka lote. Wazo lenyewe halina kosa. Kule Denver, Marekani, mashimo ya kokoto kando ya mto South Platte yamezungushiwa kuta za namna hii, sasa ni mabwawa ya kuhifadhi maji.

Ujenzi haunitishi. Kijiko kinachimba mtaro wa upana wa sentimita 90 hivi huku tunaujaza uji wa bentonaiti, ule mfinyanzi unaovimba ukilowa, na uji ukikaa juu kuliko maji ya nje, kingo hazibomoki. Halafu unafukia kwa udongo uliochanganywa na uji huo huo. Ukichanganya sawasawa, tofauti ya kina cha maji kati ya ndani na nje ikiwa sawa na unene wa ukuta, yanayopenya ukutani kwa mwaka mzima ni kama tabaka la maji lenye unene wa sentimita 3 tu. Na chini tumepata pa kuushikiza. Kwenye shimo la majaribio changarawe ilikoma ghafla, meno ya kijiko yakaja na mfinyanzi wa kijivu unaonata mpaka fundi akaubandua kwa panga. Mguu wa ukuta utazama humo karibu mita nzima. Ukiishia kwenye changarawe, maji yatapita chini yake na hela ya Mkinga itakuwa imezikwa.

Sasa hayo maji ya nje, Festo. Yanatoka milimani kusini, yanateremka kuelekea bondeni, na shimo liko katikati ya njia yake. Ukilizungushia ukuta, yatarundikana upande wa juu, na upande wa juu ndiko kuna nyumba za tofali mbichi na vyoo vya shimo. Upande wa chini kuna visima vifupi, kimojawapo cha bibi yake Tusa, ambacho hata sasa kamba inaongezwa kila kiangazi. Nimemwambia Mkinga. Kanijibu, "Maji ya chini hayana mwenyewe."

Nilichochora ni mfereji wa kokoto wenye bomba lililotobolewa, unaopita nje ya ukuta upande wa juu, unayakusanya maji na kuyazungusha mpaka upande wa visima. Akauliza, "Nilipe kuyazuia, halafu nilipe tena kuyajengea barabara?" Nilicheka, lakini mfereji siufuti. Hata yeye unamfaa: akivuta maji yote ya bwawa Septemba, msukumo wa maji ya nje unabaki dhidi ya ukuta na sakafu, na mfereji unaupunguza. Hilo kidogo lilimwingia. Vyoo vya watu havikumwingia.

Lakini siwezi kukadiria ukubwa wa bomba kwa macho. Nahitaji kina cha maji kwenye visima vyote vya jirani, sasa kabla ya mvua na tena masika yakikolea, na hapa nina kamba yenye jiwe! Naomba ile tepu yako ya kupimia, ile inayolia ikigusa maji. Nitairudisha, usinifananishe na wewe na ndoo ya mama.

Je, unaweza kuja nayo mwenyewe? Ukiuona mchoro, utaniambia bomba moja linatosha au niweke mawili, moja kila upande? Na kibali cha maji, si hapo hapo kwenu Iringa, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji? Unamjua mtu wa kumuuliza kama watataka vipimo vya msimu mmoja au miwili? Mkinga anataka kijiko kianze mwezi ujao. Nikimgomea, wewe ungefanyaje? Na Sekela kweli anaolewa, au ni maneno ya mama yake?

Ukija, usisahau ulanzi. Ukishindwa, mpe tepu kondakta wa basi la asubuhi, unipigie uniambie basi gani.

Wako,
Atu