Mwanangu, usiache klinik ya macho

Mama yangu kipenzi, za chuo? Juzi uliponambia klinik ya macho unaona umalizane nayo mana goti halijavimba toka sekondari na unaona vizuri tu, nikasema ngoja niandike, kwa simu tutabishana bure.

Sikia. Kwenye huu ugonjwa wa viungo wa utotoni, jicho haliendi pamoja na goti. Goti linaweza kutulia kabisa, jicho likawa linawaka ndani kimya kimya, haliwi jekundu wala haliumi. Wewe mwenyewe hukulalamika hata siku moja, macho meupe pe, ile chati ya E unaonyesha kidole imegeukia wapi bila kukosea, alafu daktari akakuwekesha kidevu kwenye ile mashine ya taa nyembamba, akaniita nichungulie, nikaona vitu vinaelea kwenye maji ya mbele ya jicho kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Ndo uveitisi ile, uvimbe wa ndani ya jicho. Ingeachwa, mboni inanata kwenye lenzi ya nyuma yake, inakuwa na kona kona badala ya duara, inafuata mtoto wa jicho, presha ya macho, na uoni ukishapotea kwa presha ndo haurudi tena. Na wewe ulikuwa kwenye kundi lenyewe, ulianza mdogo, viungo vichache, na kile kipimo cha damu cha ANA kilisoma positivu.

Jicho likikuwasha usijinunulie matone duka la dawa, yale ya steroidi ukiyatumia muda mrefu yenyewe yanaleta mtoto wa jicho na presha, ndo mana walikuongezea methotreksati, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hiyo ni mara moja kwa wiki SIO kila siku, Ijumaa yako ibaki Ijumaa, na foliki, ile vitamini ya kupunguza madhara yake, usisahau. Siku daktari akisema uiache methotreksati ndo upime macho kwa karibu zaidi mana mara nyingi uvimbe unarudi hapo. Alafu, ushakuwa mtu mzima, nasema wazi, dawa ile na mimba haviendi kabisa, na pombe ini halitaki, haya nishasema usinione mnoko.

Baba yako kashatuma hela ya klinik na nauli. Siku hiyo beba miwani ya jua, wakikuwekea matone ya kutanua mboni mwanga utakuumiza na notsi hutaziona vizuri masaa kadhaa, kwaiyo usipange diskasheni jioni.

Mama yako