Kabla hujalipima shimo jeusi

Ndugu yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Unauliza kwa nini tungamo la shimo jeusi la galaksi NGC 5548 linarukaruka kila ukilikokotoa upya. Mimi nashuku upana wa mstari wa mwanga wa gesi inayolizunguka, maana upana huo ndio unaotuonyesha kasi ya gesi. Haidrojeni-beta, mmoja wa mistari ya mwanga wa haidrojeni, hutoka kwenye nanomita 486.1, lakini galaksi ile inatukimbia, kwa hiyo utaukuta karibu na 494. Juu ya kilima hicho kipana kuna kichongo chembamba. Kikate! Kinatoka kwenye gesi iliyo mbali, isiyotawaliwa na shimo. Ukikiacha, kilele kinapanda na upana wa nusu-kimo (upana wa mstari kwenye nusu ya kimo chake) unasinyaa. Na kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, upana ukipungua nusu, tungamo linabaki robo. Vinundu vya mistari ya chuma navyo viondoe.

Umbali wa gesi unaupata kwa mwangwi: mwanga wa katikati ukiongezeka, mstari hufuata baada ya siku kadhaa. Mwaka 1989 ulichelewa siku 20 hivi. Ukipiga spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) mara moja kila siku kumi, usitegemee kuona ucheleweshaji wa siku nne, hata programu ikikupa jibu. Spektra zote zisawazishe kwa mstari wa oksijeni wa 500.7, ambao ndani ya msimu mmoja hautikisiki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: umbali mara kasi mara kasi, gawanya kwa G, namba ya kudumu ya mvutano. Siku 20 za mwendo wa nuru na kilomita 2,000 kwa sekunde zinakupa Majua milioni 15.6. Zidisha kwa f, namba ya kurekebisha umbo la gesi, tuseme 4.3, upate milioni 67. Hiyo f ndiyo mchawi, maana hatujui gesi imekaa umbo gani wala imetuinamia kiasi gani. Tena 4.3 ni ya sigma ya mstari (kipimo cha mtawanyiko wake), iliyopimwa kwenye spektra ya mabadiliko, yaani ya sehemu ya mwanga inayobadilika tu. Ukiingiza upana wa nusu-kimo badala yake, kwa mstari wenye umbo la kengele utazidisha jibu mara tano na nusu. Nadhani hapo ndipo ulipoteleza.

Jipime hivi: galaksi ikiwaka zaidi, ucheleweshaji hurefuka na mstari hupungua upana. Ucheleweshaji mara upana mara upana ukibaki palepale msimu hadi msimu, uko sawa.

Njia ya spektra moja, ya kukisia umbali kutokana na mng'ao, inaweza kukosea mara tatu, juu au chini. Ukiandika milioni 67.3, hiyo .3 ifute.

Nitumie faili kabla hujasawazisha.

Wako,
Salim